Kabla Hujapeleka Barua ya Kiingereza, Kagua Vitenzi

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya kopi inayogoma jua likiwa kali. Kila mashirika ya kule Kasulu na Kibondo yanapotangaza nafasi, vijana wanajaa mlangoni na barua za maombi kwenye flashi, tena siku ya mwisho, saa kumi jioni. Wanataka niprinti tu. Mimi nasoma kwanza. Barua ya Kiingereza haitoki kwangu kabla sijaipitia vitenzi, na anayekasirika aende kwa jirani, steshenari ziko nyingi. Kwa nini nimekuwa hivi nitasema huko mbele. Tuanze na yale ya haraka.

La kwanza ni ile s. "The officer keep the records" haifai, weka s: "keeps". Hili linaniudhi kuliko mengine, kwa sababu Mswahili hana udhuru wa kushindwa upatanisho. Mtoto wa miaka minne hapa mtaani anasema kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, mzigo umeanguka, mizigo imeanguka, hakosei wala hajafundishwa na mtu. Kiingereza kinadai kidogo mno ukilinganisha na hapo: wakati uliopo, mtu au kitu kimoja kinachosemwa (si "I" wala "you"), basi kitenzi kipate s. Ukiongeza "am, is, are" na wenzao "was, were", pamoja na "has" na "have", umemaliza karibu yote. Kinachotuvuruga ni kwamba s hiyo hiyo kwenye jina huleta wingi, na kwenye kitenzi ni dalili ya umoja. "The driver keeps", "the drivers keep". S ikikaa kwa dereva, kwa kitenzi haipo. Majina yenye wingi wa kipekee yasikutishe: "children" na "people" hawana s, ila ni wengi, kwa hiyo kitenzi chao nacho hakiitaki.

"Did" ikishabeba wakati, kitenzi kinachofuata kitembee mikono mitupu. "I did not went" ni gunia moja kubebwa na wapagazi wawili. Andika "I did not go". Na "does" ni vivyo hivyo: imeshachukua ile s, usiiandike tena mbele.

Ukiwa na sentensi ndefu, mtafute mwenye kitenzi. Kwenye "The list of names are attached", kilichoambatishwa ni nini? Orodha. Orodha ni moja, kwa hiyo "is", hata kama ndani yake kuna majina mia. Vivyo hivyo "one of my duties was", maana jukumu unalolitaja ni moja. Halafu kuna vile vitu tunavyovihesabu sisi, Waingereza hawavihesabu: vifaa, taarifa, samani, ushauri. "Equipments", "informations", "furnitures", "advices", kila wiki ninazifuta. Hazina wingi, na kitenzi chake ni cha umoja. "News" ina s na bado ni moja. "Police" haina s na ni wengi. Usitafute sababu, kariri.

Kiambishi "-me-" kina mitego yake. Kijana anaandika "I have married with two children" kwa sababu kichwani ana "nimeoa". Anachotaka kusema ni hali yake ya sasa, na hali kwa Kiingereza mara nyingi inabebwa na "am": "I am married". Nimechoka ni "I am tired", amesimama ni "he is standing", amevaa ni "he is wearing". Kwetu kiambishi kimoja kinabeba tendo lililokamilika na hali iliyobaki baada yake. Wao wanavitenganisha, kwa hiyo jiulize kwanza unataja tendo au hali.

"Nitakapofika" usiipeleke kwenye Kiingereza kama ilivyo. Sisi tunasema "nitakapofika nitakupigia", wakati ujao mara mbili, na ni Kiswahili safi. Wao baada ya "when" na "if" ya namna hii wanatumia wakati uliopo: "When I arrive, I will call you." Barua inayomalizia kwa "I will be grateful if you will consider" bado inaeleweka, lakini "when I will get the job" inachoma macho.

Vitenzi vya akilini havipendi "ing". "I am knowing", "I am believing", "I am wanting", yote hayo ni "-na-" yetu imevaa koti. Ukisahau, kumbuka Ujiji, si mbali na hapa dukani. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, sentensi aliyoandika kwamba aliitamka ni "Dr Livingstone, I presume?" Hakuandika "I am presuming". Watu wanabishana mpaka leo kama kweli aliitamka, lakini kisarufi hana kosa.

Sasa lile lililonigharimu.

Kuanzia 2016 hadi 2019 nilikuwa mtunza stoo kwenye mradi mmoja Kasulu. Ndoo, sabuni, mikeka, magodoro, vinaingia kwa lori na vinatoka kwa saini. Mkataba ulipoisha nikarudi mjini, nikafungua hii steshenari. Mwaka 2021 shirika jingine likatangaza nafasi ya mtunza stoo Kibondo, kazi ambayo naweza kuifanya nimefumba macho. Nikakaa usiku kuandika barua, na kichwani Kiswahili kinapita: nimekuwa mtunza stoo kwa miaka mitatu. Vidoleni ikatoka "I have been a store keeper for three years." Nikaisoma mara mbili, nikaridhika. Hata kompyuta haikuiona.

Nikaitwa kwenye usaili. Meza moja, watu watatu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Aliyekuwa katikati, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza kuhusu kadi za stoo na namna ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Nikajibu vizuri, najua nilijibu vizuri. Kisha akauliza stoo yangu ya sasa nitamkabidhi nani. Sikuelewa swali linatoka wapi. Nikasema nilishakabidhi. Lini? Nikajibu "I have handed over in 2019", na hapo nikaongeza kosa juu ya kosa, maana "have" ya namna hiyo na mwaka uliokwisha kupita havikai sentensi moja.

Akatazama barua. Akatazama sivii, ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika 2016 mpaka 2019. Akamsogezea jirani yake karatasi zote mbili, kidole kiko juu ya mstari. Hakuna aliyegomba, hakuna hata aliyekunja uso. Wakaniuliza maswali mawili mepesi, wakasema asante, tutakupigia.

Hawakupiga. Miezi kadhaa baadaye jamaa niliyefanya naye kazi Kasulu, ambaye alikuwa na mtu wake mle ndani, ndiye aliyenieleza. Ilionekana nimejifanya nina kazi wakati sina. Barua inasema niko stoo, sivii inasema nimetoka, kwa hiyo moja kati ya hizo ni uongo. Na hiyo ni kazi ya stoo, ambako wanatafuta mtu asiyedanganya kwenye karatasi kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

Nilikaa na kinyongo muda mrefu nikiamini wana mtu wao. Mpaka siku moja mwalimu mstaafu wa mtaa wetu akaja kutoa kopi za karatasi za pensheni. Nikampa shikamoo, nikampa kiti, mashine ikawa imegoma kama kawaida, na katika kusubiri nikamsimulia, nikitegemea huruma. Akataka kuiona barua. Ilikuwa bado kwenye droo.

"Hii stoo unayo mpaka leo, mwanangu?"

"Hapana mwalimu, niliiacha 2019."

"Sasa mbona hapa umeandika unayo?"

Akachukua karatasi iliyoharibika kwenye printa, akaigeuza, akachora mstari. Mwanzo akaandika Kigoma, mwisho Kasulu. Gari lililofika Kasulu likazima injini, akasema, hilo ni "I worked for three years". Gari lililotoka Kigoma na bado linanguruma njiani, hilo ni "I have worked for three years". Kiswahili hakikulazimishi kusema kama injini imezimwa. Mtu anasema nimefanya kazi Kasulu miaka mitatu, na kama yuko huko bado au ametoka tutajua kwenye mazungumzo. Mwingereza hasubiri mazungumzo, jibu ameshaliweka ndani ya kitenzi.

Nikambishia kidogo. Mbona watu wanaandika "I have worked in Kasulu" na hawako Kasulu? Akatabasamu, nadhani alikuwa analingojea swali hilo. Hapo hujataja muda, akasema. Unasema tu kwamba katika maisha yako jambo hilo limo, ni uzoefu, na unaweza kuwa umeshaondoka. Ukileta "for three years" nyuma yake, ndipo injini inapowaka.

Karatasi ile niliibandika ukutani juu ya printa na iko mpaka leo, ina mkunjo katikati. Kwa hiyo kila penye "have" kwenye barua ya mteja, nauliza. Jambo hili linaendelea mpaka leo? Likiwa limekwisha na umetaja muda, ondoa "have". Kuna tarehe iliyopita, kama "yesterday", "last year", "in 2019", "two years ago"? Ondoa "have". Kuna "since"? Rudisha "have", kwa sababu "since" inaanza pale na kuja mpaka sasa: "I have lived in Kigoma since 2019." Na usiandike "since three years". "Since" inataka mahali pa kuanzia, "for" inataka urefu. Wengi wanaoondoka hapa na barua iliyosahihishwa wanakuwa wamebadilisha neno moja tu, na wananitazama kama nimewapotezea muda.

Mengine ni ya kawaida. Vitenzi visivyofuata "ed" kaa navyo, "go, went, gone", "write, wrote, written", vichache kila jioni, hakuna njia ya mkato. Ukianza kueleza kazi iliyopita kwa wakati uliopita, baki humo hadi mwisho wa aya. Usirukeruke, maana anayesoma "I received goods and sign the cards" hajui kadi ulisaini au unasaini mpaka sasa. Tafsiri ya simu itumie, lakini yenyewe haijui kama uliacha kazi. Barua ya rafiki usiinakili. Mwezi uliopita kijana alileta barua iliyoandikwa "she is hardworking" katikati ya maelezo yake mwenyewe. Wadhamini wako wapigie kabla hujaandika namba zao, waambie tarehe ulizoandika, zifanane. Barua na sivii vilaze pamoja mezani, usome mwaka kwa mwaka kama mtu anayekutafutia kosa, kwa sababu kuna mtu atakayefanya hivyo.

Kopi zako zibebe kwenye bahasha ngumu. Vyeti halisi usimwachie mtu. Kama usaili uko Kibondo, nenda siku moja kabla. Na kwangu njoo asubuhi, usije saa kumi siku ya mwisho. Umeme ukikatika, mimi sina jenereta.