Kifua kikuu cha tumbo: kuchukua sampuli sahihi kabla ya kuanza dawa

Homa za jioni, jasho la usiku, uzito kupungua, tumbo kuuma au kujaa kwa wiki kadhaa: mgonjwa wa namna hii achunguzwe TB ya tumbo hata kama picha ya kifua ni safi. Wengi wao hawakohoi kabisa. Pima VVU, pima makohozi kama yapo, kisha fanya ultrasaundi. Tafuta maji tumboni, tezi zilizovimba na ukuta wa utumbo ulionenepa upande wa kulia chini, pale utumbo mdogo unapoungana na mpana. Hapo ndipo ugonjwa huu hukaa zaidi.

Kukiwa na maji, yavute kwa sindano na siku hiyohiyo chukua damu. Pima albumini (aina ya protini) kwenye vyote viwili, kisha toa kiwango cha maji kwenye kile cha damu. Tofauti ikiwa chini ya 1.1 g/dL na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zikiwa nyingi kwenye maji, TB inawezekana sana. ADA (kimeng'enya kinachopimwa kwenye maji hayo) ikiwa juu, karibu 39 U/L au zaidi, huongeza uwezekano huo. Saratani nayo huleta maji yanayofanana na haya, kwa hiyo omba pia seli za saratani zitafutwe. GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya bakteria wa TB) ikitoa jibu hasi kwenye maji hayo, usimruhusu mgonjwa aende zake: bakteria humo huwa wachache mno, na kipimo hukosa wagonjwa wengi.

Utumbo ukiwa na vidonda, kolonoskopi (kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa) ichukue vipande vya nyama 8 hadi 10, hasa kwenye kingo za kidonda. Andaa chupa mbili zenye lebo kabla ya kuanza. Ya kwanza ina formalini (dawa ya kuhifadhi nyama), ya kuangalia nyama kwa darubini. Ya pili ina maji safi ya chumvi ya hospitali, ya GeneXpert na kuotesha bakteria maabara. Kosa linalotuumiza kila mara ni vipande vyote kutumbukizwa kwenye formalini. Bakteria wanakufa, haviwezi kuoteshwa tena, na usugu wa dawa haujulikani.

Majibu ya kuotesha huchukua hadi wiki 6. Dalili zikiwa nzito na vipimo vingine vikielekea TB, anza dawa bila kusubiri. Ila usijaribu steroidi kwa kudhani ni ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo unaofanana na TB) kabla TB haijaondolewa. Hapo TB husambaa.

TB isiyo sugu hutibiwa miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Dozi hufuata uzito, kwa hiyo mpime kila mwezi. Macho yakiwa ya njano au uoni ukififia, arudi siku hiyohiyo.

Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hubana utumbo. Hivyo mgonjwa anaweza kuziba tumbo hata dawa zikifanya kazi vizuri. Akitapika, tumbo likavimba na asipitishe hata hewa, apelekwe kwa daktari wa upasuaji mara moja.