Kabla Hujamleta Paka Mwoga Nyumbani

Tengeneza chumba kwanza, ndipo ukamchukue paka. Wengi hufanya kinyume. Paka anafika Jumamosi mchana, anafunguliwa sebuleni watoto wamemzunguka, na kufumba na kufumbua keshajibanza nyuma ya friji. Kumtoa huko ni kazi ya usiku kucha, na ukimvuta kwa nguvu umeshamfundisha kwamba mikono yako ni ya kuogopwa.

Chagua chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kisichopitwapitwa na watu. Piga magoti ukikague ukiwa chini, kwa kuwa huko ndiko atakakopita yeye. Waya uliochubuka, tundu nyuma ya kabati, sumu ya panya iliyosahaulika pembeni tangu mwaka jana: vyote uvione wewe kwanza. Dirisha la luva lisilo na wavu ni sawa na mlango ulioachwa wazi. Siku za mwanzo paka hajui bado kwamba hapo ni kwake. Akichomoka atajaribu kurudi alikotoka, na barabara ziko katikati.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali pa kujificha. Wapo wanaoziba uvungu wa kitanda ili paka azoee haraka. Wanamwonea. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia paka wapya katika kituo cha kutunzia wanyama: waliopewa boksi la kujifichia walitulia mapema kuliko wasiopewa. Boksi la kadibodi latosha. Lilaze ubavu, mdomo uelekee ukutani, tandika kanga kuukuu ndani. Ukiweza, omba kitambaa alichokuwa akilalia kwa mwenyewe wa zamani, na usikifue. Harufu ile ndiyo kitu pekee anachokifahamu katika nyumba yako.

Choo chake ni beseni pana lenye kina kifupi, na mchanga mkavu uliochekechwa. Liweke mbali na chakula, maana paka hapendi kula karibu na anapojisaidia, na utoe uchafu kila siku.

Chakula nacho ukiulizie mapema. Kama amezoea ugali na dagaa, mwanzie hapo hapo, ubadilishe kidogo kidogo baadaye. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Maji safi ndiyo kinywaji chake. Mwoga hula usiku watu wakilala, kwa hiyo angalia bakuli asubuhi kabla hujasema kwamba hali chakula. Lakini siku nzima ikipita bila kugusa kitu, mpigie daktari wa mifugo, wala usingoje ya pili iishe, kwani njaa ya siku chache huweza kumharibu paka ini, hasa aliyenenepa. Namba ya daktari basi uwe nayo kabla, na umuulize kuhusu dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Panadol usimpe kamwe. Hata kidonge kimoja huua paka.

Zungumza na watu wa nyumbani kabla hajaingia. Watoto waelewe kwamba mgeni hafuatwi uvunguni wala havutwi mguu. Siku ya kumleta, mbebe katika tenga lenye mfuniko au boksi lenye matundu, ulifunike kwa kanga asione barabara. Ukifika, liweke chumbani, fungua, ondoka.

Baada ya hapo kazi yako ni kukaa chini. Mimi nilikuwa naingia jioni na ungo wangu, nakaa mkekani nimempa ubavu, nachambua mchele bila kumtazama. Siku tatu niliona macho tu gizani. Ya nne nikasikia kucha sakafuni. Akasogea, shingo ameirefusha, miguu ya nyuma imebaki uvunguni tayari kukimbia, akanusa ukingo wa ungo. Sikunyoosha mkono, ingawa nilitamani sana. Nilifumba macho taratibu nikayafumbua, naye akafanya vivyo hivyo. Paka humtazama hivyo yule asiyemwogopa. Kupakatwa alikubali mwezi wa pili, na wapo wanaochukua muda mrefu zaidi.

Mlango wa chumba ufungue pale atakapokuwa anakula nawe upo, na mkia umesimama akitembea. Anza usiku, nyumba imetulia, uache wazi kidogo aamue mwenyewe. Nje asitoke kwanza. Mpe wiki kadhaa. Na boksi lake usiliondoe. La kwangu liko chini ya dirisha hadi leo, kadibodi imelegea, na radi ikipiga ndiko anakokimbilia.