AC Haipozi? Anzia Kwenye Rejeta, Si Kwenye Mtungi wa Gesi

Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ile ile, mwaka hadi mwaka. Kwenye gari la miaka 25 kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na kwenye sili ya shafti ya kompresa (pampu inayosukuma gesi), lakini upotevu huo huhesabiwa kwa miaka. Gari linalojazwa gesi kila baada ya miezi miwili linavuja, na mwenye gari analipia gesi ya kuachia hewani. Na mara nyingi gesi ipo ya kutosha, ila joto halina pa kutokea.

Maelezo haya yanahusu hasa Corolla, Carina na Premio za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, zenye injini ndogo za petroli na gesi ya R134a, zinazoshinda kwenye foleni za Ubungo na Mbagala jijini Dar es Salaam au kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa na Tanga.

Kondensa ya AC, yaani paneli ya mirija na mapezi inayopoza gesi, imekaa mbele ya rejeta, na vyote viwili hutegemea upepo mmoja. Joto linalotolewa ndani ya gari humwagwa kwenye kondensa, upepo hulibeba, kisha upepo huo huo, ukiwa umeshapata moto, ndio unaokwenda kupoza maji ya injini. Ndiyo maana gari lenye rejeta iliyoziba huchemsha pindi AC ikiwashwa, na ndiyo maana feni iliyochoka huharibu AC kabla mshale wa joto haujasogea.

Upepo

Mulika tochi kati ya kondensa na rejeta. Hapo katikati ndipo panapojaa vumbi, mabawa ya wadudu na mabaki ya mifuko ya plastiki, na usafi wa kawaida wa kuosha gari haufiki. Fungua vibano vya juu vya rejeta, isogeze nyuma kidogo, kisha pitisha maji ya bomba la kawaida kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kubwa isitumike hapa. Hulaza mapezi ya alumini na kuziba njia kuliko vumbi lenyewe. Mapezi yaliyolala yanyooshe polepole kwa kitu chembamba kisicho na ncha kali. Kwa magari ya pwani, yaguse kwa kidole: yakimomonyoka na kuacha unga mweupe, kuosha hakusaidii tena, kondensa hiyo imekwisha.

Angalia pia kava ya plastiki inayozunguka feni na sponji za pembeni ya rejeta. Gari lililowahi kugongwa mbele mara nyingi hurudi bila vitu hivi. Bila kava, feni huvuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti yenyewe badala ya hewa mpya ya nje.

Sasa feni. Washa injini, washa AC, na weka karatasi mbele ya kondensa: inapaswa kunata. Ikisukumwa, nyaya za mota zimegeuzwa na feni inapuliza kinyume na upepo unaoingia gari likienda, kosa linalotokea mota inapobadilishwa haraka haraka. Kama feni ya AC haizunguki kabisa, kagua fyuzi na relei. Kwa feni ya rejeta, Toyota nyingi za miaka hiyo zina swichi ya joto inayopitisha mkondo injini ikiwa ya baridi na kuukata maji yakifika karibu nyuzi 93, na mkondo huo ukikatika ndipo feni huzunguka. Kwa hiyo ukichomoa waya wa swichi hiyo ufunguo ukiwa umewashwa, feni lazima izunguke. Isipozunguka, tatizo ni fyuzi, relei au mota. Ikizunguka, huenda swichi ndiyo mbovu.

Dalili ya mota iliyochoka ni moja: AC ni safi barabara kuu, lakini kwenye foleni inatoa hewa vuguvugu. Kuunga feni moja kwa moja kwenye swichi ya gari ni dawa ya siku moja. Injini huchelewa kupata joto lake, mota huisha mapema, na swichi mbovu inabaki mahali pake.

Maji

Themostati ni valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Iliyotolewa na kutupwa ndiyo jeraha la kawaida zaidi kwenye magari yetu, na inaumiza kuona jinsi jambo hili lilivyozoeleka. Inayofaa kwa injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 na kufunguka kabisa kwenye 95. Bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, hula mafuta na huchakaa. Tena themostati nyingi zina kisahani cha pili cha chini, kinachofunga njia ya pembeni maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu hiyo hiyo, hasa kwenye mlima mrefu kama Kitonga.

Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopata moto, ikining'inia kwa waya bila kugusa chini. Yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Unapoifunga kwenye gari, kitundu chake chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa ipite.

Kifuniko cha rejeta watu hukidharau. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani presha, kwa kipimo cha bar, kinayoshikilia. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji kuchemka kwenye nyuzi 100. Pamoja na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu, kiwango cha kuchemka hupita 120. Mpira wake ukikakamaa au kupasuka, maji hutoka kwenda kwenye chupa ya akiba na hayarudi. Nunua chenye namba ile ile ya zamani.

Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hula alumini na sili ya pampu. Changanya kulanti nzito na maji yaliyotoneshwa (distilled) ya kuongezea kwenye betri, nusu kwa nusu. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa dukani humo humo. Mfumo wa Corolla ndogo huchukua karibu lita 6, hivyo ni lita 3 kwa 3. Hapa kuna kosa la hesabu linalofanywa sana: baada ya kusafisha kwa maji matupu, sehemu ya maji hayo hubaki ndani ya bloku na koili ya hita. Ukijaza mchanganyiko uliokwisha pimwa, unapata kulanti hafifu. Mimina kwanza lita 3 za kulanti nzito, kisha jazia kwa maji. Rangi isikudanganye, kuna vimiminika vya kijani na vyekundu ambavyo ni maji yenye rangi tu. Badilisha kila miaka miwili.

Kutoa hewa: gari liegemee mlima, pua juu, hita kwenye moto kabisa, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi. Iache iungurume bila kukanyaga mafuta, ongeza maji kadiri yanavyoshuka, mpaka mpira wa rejeta upande wa themostati upate moto ghafla. Hapo themostati imefunguka. Funga.

Gesi, mwisho

Baada ya upepo na maji kuwa sawa ndipo geji za kupimia presha ya gesi ziletwe, moja ya upande wa presha ya chini na moja ya upande wa presha ya juu. Kipimo cha kwanza kifanyike asubuhi, gari likiwa kivulini na halijawashwa. Hewa ikiwa nyuzi 30, R134a safi husoma karibu bar 6.7 kwenye geji zote mbili. Namba hii haisemi gesi ni gramu 200 au 700, mradi bado kuna kimiminika ndani. Inasema kilichomo ni nini. Ikisoma 10 au zaidi, ndani kuna hewa, au mtu ameweka R22 ya viyoyozi vya nyumbani, ambayo kwa joto hilo hufika karibu bar 11. Mchanganyiko huo utolewe wote. Ikisoma chini sana ya 6, kimiminika kimekwisha.

Kisha washa injini, mizunguko 1,500 kwa dakika, feni ya ndani kasi ya juu. Upande wa chini uwe bar 1.5 hadi 2.5, upande wa juu 14 hadi 16. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote mbili juu, gesi imezidi au kondensa haipati upepo: mwagia kondensa maji, na presha ikishuka haraka rudi kwenye feni. Upande wa chini ukizama hadi chini ya sifuri huku AC ikipoza dakika chache kisha kuacha, kuna unyevu unaoganda barafu kwenye ekspansheni valvu (tundu jembamba linalopitishia gesi kwenda kupoza), na draya, kichujio kinachonyonya unyevu, imeshiba maji. Upande wa chini ukisoma juu mno na upande wa juu ukisoma chini mno, kompresa haisukumi.

Kompresa ikikata baada ya nusu saa ya joto na kurudi ikipoa, usiihukumu bado. Pima nafasi ya klachi ya kompresa kwa filagi (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): iwe kati ya milimita 0.35 na 0.65. Kadiri klachi inavyoliwa, nafasi hupanuka na sumaku iliyopata moto hushindwa kuivuta. Kupunguza washa moja nyembamba chini ya sahani ya klachi mara nyingi humaliza shida bila kununua kompresa.

Swichi ya presha isiungwe kwa waya kamwe. Hukata mfumo ukiwa chini ya takribani bar 2 kwa sababu oili ya kompresa husafirishwa na gesi. Gesi ikikosekana, kompresa inasaga chuma kwa chuma.

Mvujo utafute kwa sabuni, na kwa jicho: mahali palipo na doa la oili lililoshika vumbi. Presha ya kupimia iwe naitrojeni kavu. Oksijeni ikikutana na oili hulipuka, na upepo wa mashine ya matairi huingiza unyevu. Usisahau evaporeta, ile inayopoza hewa nyuma ya dashibodi; weka kifaa cha kunusa gesi kwenye bomba linalodondosha maji chini ya gari.

Mfumo ukifunguliwa, weka oringi mpya na draya mpya, vuta vakyumu dakika 30 hadi 45, funga geji na subiri dakika 10. Mshale ukipanda, bado panavuja. Rudisha oili iliyopotea: kondensa mpya mililita 40, evaporeta 40, draya 20, aina ya PAG 46. Jaza gesi kwa mizani kufuata kibandiko cha chini ya boneti. Gramu 100 zaidi hazileti baridi zaidi. Hupandisha presha na kupunguza baridi. Gari la kabla ya takribani 1993 lenye viunganishi vya kujazia vya kukaza kwa kuzungusha kama boliti lilitengenezwa kwa gesi ya zamani ya R12 na oili nyingine kabisa, kwa hiyo lisiongezewe R134a juu ya mabaki.

Zulia la abiria wa mbele kushoto likilowa, bomba la maji ya evaporeta limeziba. Lizibue kutoka chini. Na hata msimu wa baridi, washa AC dakika 10 kila wiki ili sili ya shafti isikauke.

Mshale ukipanda

Zima AC, fungua hita moto kabisa na feni yake, toka barabarani. Mshale wa Toyota nyingi hizi husimama katikati kwa muda mrefu hata joto likibadilika, kwa hiyo ukishasogea umechelewa tayari. Zima injini, usifungue kifuniko kwa angalau dakika 45. Maji ya baridi kwenye hedi yenye moto huipasua.

Likipoa na kujazwa, washa kifuniko kikiwa wazi na utazame. Mapovu yasiyokoma kila ukikanyaga mafuta, au mpira wa maji kuwa mgumu asubuhi kabla ya kuwasha, ni dalili za gasketi ya hedi. Hedi ishushwe na kupimwa unyoofu kwa rula ya chuma na filagi. Kupinda kukipita milimita 0.05, ipelekwe kukwanguliwa kabla ya gasketi mpya kuwekwa.