Tumbawe laini likisinyaa: kutafuta chanzo na kuliokoa katika tangi dogo

Tumbawe laini linalofugwa katika tangi la maji ya bahari nyumbani halina kiunzi kigumu cha kuliegemeza. Ndani ya nyama yake mna vijiti vidogo sana vya chokaa, lakini kinacholisimamisha ni maji liliyoyajaza mwilini. Ndiyo maana likisumbuliwa na chochote, ishara ni ileile: linatoa maji, linasinyaa, linafunga polipu zake (vijimdomo vyenye vimikono vilivyo juu ya mwili) na kuinama. Chumvi ikizidi, litafanya hivyo. Jirani akilimwagia sumu, litafanya hivyo. Likijivua ngozi huku likiwa na afya tele, litafanya hivyohivyo. Anayekimbilia dawa kwa kuona umbo tu huliua tumbawe ambalo lingepona lenyewe.

Mfano wetu ni tangi la lita 40 lenye Sarcophyton (lile la umbo la uyoga), Sinularia na Xenia, ambayo pia ni matumbawe laini, na zoantidi kadhaa (jamaa wa matumbawe wenye polipu kama vifungo). Kumbuka kwamba ukishaweka mawe na mchanga, tangi la lita 40 huwa na maji lita 32 hadi 34 tu. Vipimo vyote vya dawa hesabu kwa maji yaliyomo, si kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Ni moja au ni yote?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake hukupunguzia nusu ya kazi. Angalia taa ikiwa imewaka kwa muda wa saa mbili au tatu, maana asubuhi mapema karibu matumbawe yote huonekana mabovu. Ikiwa yote yamefunga kwa pamoja, tatizo limo ndani ya maji: chumvi, joto, hewa au sumu. Ikiwa limefunga moja tu na majirani wako wazi, usiguse maji. Tafuta chanzo pale pale lilipo: mwanga, mkondo, jirani, mdudu au jeraha.

Xenia ikilala kwanza huku nyingine zikiwa bado zimesimama, pima maji hata kama ni yenyewe tu iliyofunga. Huyumba mapema kuliko wenzake.

Sarcophyton inayojivua

Hii inastahili nafasi yake kwa sababu ndiyo hofu ya kila mwenye tangi jipya. Sarcophyton hufunga polipu zote, uso wake unakuwa laini na wenye kung'aa kana kwamba umepakwa nta, kisha utando mwembamba unaanza kubanduka vipande vipande. Huchukua siku chache, mara nyingine wiki mbili. Kwa njia hiyo hujisafisha mwani na takataka zilizoganda juu yake.

Namna ya kutofautisha kujivua na ugonjwa: bonyeza shina taratibu kwa kidole chenye glavu. Nyama ya tumbawe linalojivua ni ngumu kiasi, inarudi, na rangi yake ni ileile kila mahali. Nyama inayooza inabonyea na kubaki hivyo, ina doa jeusi au la kahawia lenye ukingo unaoonekana, na ukilitoa tumbawe nje ya maji harufu itakuambia. Kama linajivua, kazi yako ni moja: elekeza mkondo wa pampu upite juu ya kichwa chake ili utando uondoke. Usiuchune kwa mkono. Utando ukibaki umelala juu kwa muda mrefu, mwani mwekundu wa utelezi hushika hapo na nyama iliyo chini huanza kufa, na hapo ndipo kujivua kunapogeuka ugonjwa wa kweli.

Yote yakifunga: pima kwa mpangilio huu

Anza na chumvi. Lengo ni 35 kwa elfu, sawa na uzito wa 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, katika nyuzi 25. Tumia refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga) iliyorekebishwa kwa maji ya kurekebishia yenye chumvi 35. Kuirekebisha kwa maji yasiyo na chumvi peke yake huacha kosa palepale unapohitaji usahihi. Kipimo cha mkono unaoelea hudanganya kila kiputo cha hewa kinaposhika kwenye mkono huo.

Katika tangi dogo chumvi hupanda kwa sababu maji huvukizwa na chumvi hubaki. Lita 40 za maji zikipungua lita 2, chumvi hutoka 35 hadi karibu 37. Ndiyo sababu maji ya kufidia hayana chumvi kabisa, na huongezwa kila siku. Weka alama ya kalamu kwenye kioo na ujaze hadi hapo. Ikiwa chumvi imeshapanda, toa lita 1 ya maji ya tangi na kurudisha lita 1 ya maji yasiyo na chumvi. Katika maji ya lita 33 hiyo hushusha karibu 1 kwa elfu, na inatosha kwa siku moja. Ikiwa imeshuka, fidia kwa maji ya chumvi kwa siku kadhaa badala ya yale matupu.

Kisha joto. Nyuzi 24 hadi 26 ni salama. Nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi inaweza kulifikisha tangi nyuzi 30 bila hita kuwashwa, na matumbawe huanza kupauka. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 4, lakini hufanya hivyo kwa kuyavukiza maji, kwa hiyo kazi ya kufidia inaongezeka maradufu. Toa kifuniko kigumu na uweke wavu ili samaki wasiruke.

Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, iwe 7 hadi 9 dKH (kizio chake cha kupimia). Ikiwa imeshuka, gramu 1 ya baikaboneti ya sodiamu safi huipandisha karibu 1 dKH katika lita 33. Iyeyushe kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, mimina polepole mbele ya pampu, usizidishe 1 dKH kwa siku. Hamira ya unga (baking powder) haifai, imechanganywa na vitu vingine.

Amonia lazima isomeke sifuri. Nitrati 5 hadi 20 mg kwa lita na fosfati 0.03 hadi 0.1 ni nzuri kwa jamii hii. Wengi wanajivunia nitrati sifuri, na sisi hatuoni fahari hapo: matumbawe laini yakikosa virutubisho hupauka na kusinyaa taratibu, na dinoflageleti (vijiumbe kama mwani) za kahawia zenye viputo hutawala mchanga. Dawa yake ni kulisha samaki zaidi kidogo na kupunguza kuchuja.

Kama vipimo vyote ni sawa na bado yote yamefunga, fikiria sumu. Shaba ndiyo mbaya zaidi, nayo huingia kupitia dawa ya samaki au maji ya bomba. Kagua sumaku ya kufutia kioo: ikipasuka kidogo, kutu huanza kuvuja. Kagua pia kama kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani. Badilisha theluthi moja ya maji, ukiwa umelinganisha joto na chumvi, kisha weka mkaa amilifu (mkaa maalumu unaonasa sumu majini), kiasi cha mililita 50 katika kifuko cha wavu. Usuuze mpaka maji yasiwe meusi, uuweke pale maji yanapopita kwa nguvu, uubadilishe kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Mkaa huo usiutoe hata mambo yakitulia. Sarcophyton na Sinularia humwaga terpeni (kemikali zao za sumu) majini ili kuwazuia majirani wasikue, na katika lita 33 sumu hiyo haina pa kwenda.

Limefunga moja tu

Tumbawe linalorefuka na kuinamia taa linataka mwanga zaidi. Linalopauka na kujibana kama kitufe baada ya taa mpya limepata mwingi mno. PAR (kipimo cha mwanga unaotumika kwa usanisinuru) ya 50 hadi 150 inatosha kwa mengi yao. Taa mpya ya LED ianze nusu ya nguvu, ipande asilimia 5 hadi 10 kwa wiki, saa 8 hadi 10 kwa siku. Mkondo uwe wa kuyumba, jumla ya lita 400 hadi 800 kwa saa kwa tangi hili, usipige nyama moja kwa moja: upande mmoja ukiwa umelala daima, sogeza pampu.

Angalia majirani. Acha sentimita 10 hadi 15, na uhesabu ukubwa wa tumbawe likiwa limefunguka.

Wadudu hutafutwa usiku, saa moja baada ya taa kuzimwa, kwa tochi. Kwenye zoantidi tafuta koa wa baharini wasio na gamba, ambao huchukua rangi ya kile wanachokula, na mayai yao meupe yaliyozungushwa chini ya polipu. Tafuta pia konokono wa jamii ya Heliacus, gamba lake bapa lenye madoa meusi na meupe. Minyoo bapa yenye rangi ya kutu hufunika tumbawe na kulinyima mwanga. Ifyonze kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa kadiri uwezavyo kabla ya dawa yoyote, maana ikifa kwa wingi humwaga sumu.

Osha tumbawe kwenye bakuli la maji ya tangi lenye matone 5 hadi 10 ya iodini ya Lugol ya asilimia 5 kwa kila lita, dakika 10. Suuza kwenye bakuli la pili, na maji hayo yote yamwage. Dawa haiui mayai: yakwangue, urudie kuosha kila siku 5 hadi 7 kwa wiki tatu.

Kukata palipooza

Kabla ya kisu, vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Zoantidi, hasa zile za jenasi Palythoa, zinaweza kuwa na palitoksini, sumu iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka Palythoa ya Hawaii na kuelezwa mwaka 1971. Usichemshe kamwe jiwe lenye viumbe hao, wala kulimwagia maji ya moto au kulisugua likiwa kavu. Mvuke na vumbi lake vimewafikisha watu hospitali.

Kwa Sarcophyton au Sinularia, litoe tumbawe nje ya tangi, maana litamwaga utelezi mwingi. Kwa wembe mpya, kata sentimita 1 ndani ya nyama nzima, zaidi ya ukingo wa doa. Ukiona rangi ya kahawia ndani ya mkato, kata tena. Suuza, osha kwa iodini dakika 10, suuza tena. Shina likiwa limeoza lote, okoa kichwa pekee: gundi haishiki kwenye utelezi, kwa hiyo kifunge kwa mpira laini juu ya kipande cha jiwe au kishone kwa uzi wa nailoni bila kukaza. Kiweke penye mkondo wa wastani na mwanga mdogo. Kitashika ndani ya wiki mbili au tatu, na polipu zinaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kipande kilichooza kisirudi majini hata dakika moja. Kikibaki, amonia itapanda na kuyadhuru yaliyo mazima.

Xenia usiikate wala kuiosha kwa iodini ikiwa inayeyuka. Fyonza kinachoyeyuka, acha shina lililoshika jiwe. Mara nyingi huota upya.