Kabla ya kubadilisha kebo ya usukani wa boti

Usukani wa boti ndogo ya mashine ukianza kuwa mzito, kama inavyotokea kwa boti zinazolala majini Mkokotoni au Wete, usikimbilie kununua kebo mpya kabla ya kujua uzito unatoka wapi. Fungua kiungo kinachoshikanisha ncha ya kebo na mashine, kisha uigeuze mashine kwa mikono kushoto na kulia: ikigeuka kwa wepesi, kebo ndiyo mbovu, ikibaki nzito, kebo haina kosa, na kinachodai grisi ni mhimili ambao mashine huzungukia.

Kebo ikiwa ndiyo mbovu, soma kwanza urefu wake, ambao mara nyingi huandikwa kwa futi juu ya ganda. Kazi kubwa imo ndani ya bomba linalopitisha fimbo ya kebo, kwa kuwa humo ndimo chumvi na grisi kuukuu hugandamana kama saruji. Lisugue kwa brashi ya duara na kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo upake grisi ya baharini na kuingiza fimbo mpya. Nati ya kujifunga ya kile kiungo cha kebo na mashine, yaani nati isiyolegea yenyewe, ikiwa imekwisha kufunguliwa mimi siirudishi kamwe, kwani ikilegea katikati ya mkondo wa Pemba, nahodha hubaki na gurudumu tupu mkononi.

Baadaye, kila unapopiga grisi kwenye chuchu ya bomba, yaani kitundu cha kuingizia grisi, hakikisha fimbo imerudi yote ndani. Ikiwa imechomoza, grisi inaweza kuizuia isirudi, na usukani ukakwama.