Namna ya kuandika stori ya nyumba ya mizimu kwa watoto

Watu wengi wakikaa kuandika stori ya mizimu kwa ajili ya watoto wanaanza na mzimu mwenyewe, anafananaje, macho yake rangi gani, anapita ukutani au hapiti, halafu nyumba wanakuja kuichomeka baadae. Mimi nakushauri uanze na nyumba. Mtoto anaijua nyumba kuliko mtu mzima anavyoijua, anajua mlango upi ukifunguliwa unalia, anajua ngazi ya kuruka akitaka kushuka kimya kimya, anajua koti lililotundikwa nyuma ya mlango linaonekanaje taa ikizimwa. Sasa wewe ukichukua kitu kimoja tu anachokijua hivyo ukakisogeza kidogo, keshaanza kuogopa kabla mzimu hajatokea hata kidole, na hiyo ndio hofu nzuri, ile inayomfanya afungue ukurasa unaofuata.

Kwahiyo chukua karatasi uchore ramani ya nyumba. Sio lazima ujue kuchora, maboksi yanatosha, vyumba vingapi, nani analala wapi, bafu liko juu ya nini, mlango wa stoo unafungukia ndani au nje. Utaona faida yake ukifika katikati, maana hatua zikisikika juu ya chumba cha Rehema (tumwite hivyo mtoto wetu) msomaji anatakiwa awe anajua tayari kwamba juu ya chumba hicho hakuna chumba kingine, kuna paa tu basi. Na hiyo habari uliipanda kurasa kadhaa nyuma bila kuikazia, mama yake analalamika paa linavuja, maji yanadondokea kitandani kwa mtoto. Ukisahau kuipanda, ukaja kuanza kuelezea mambo ya paa palepale hatua zinaposikika, umeshaua kila kitu.

Ukimaliza ramani andika sauti za kawaida za hiyo nyumba. Usiku nyumba zina kelele kweli na sababu zipo, mbao na mabati vilivyopata joto mchana vikipoa vinasinyaa na kualika, bomba la maji ya moto nalo linagonga likipoa, upepo ukipita kwenye upenyo mwembamba unapiga mluzi. Mpe Rehema hizi sauti mapema, na majibu yake mpe pia, baba anamwambia lala mama, hilo ni bomba tu. Msomaji anazoea, anatulia, anaona hii nyumba kaishaielewa. Halafu siku moja bomba linagonga mara tatu likanyamaza. Rehema anakohoa. Linagonga tena mara tatu. Hapo hujaandika neno mzimu hata mara moja lakini hakuna mtoto atakayefunga kitabu.

Kama umekwama hujui dalili gani uzitumie, kuna matukio ya kweli yaliyoandikwa ambayo yana vitu vizuri sana. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kwenye jarida la kitaalamu habari ya familia iliyohamia kwenye nyumba kubwa ya zamani, wakaanza kusikia nyayo, wakawa wanahisi kuna mtu nyuma yao, watoto wakapauka, vichwa vinauma, hadi mimea ya ndani ikawa inanyauka. Kumbe tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, linavujisha kaboni monoksaidi ndani, gesi ambayo haina harufu na inaua kweli. Nyingine ni ya injinia wa Uingereza, Vic Tandy, yeye na mwenzake waliiandika mwaka 1998. Alikuwa kwenye maabara usiku peke yake, jasho la baridi, akaona kitu cha kijivu pembeni ya jicho lake, akigeuka hakipo. Kesho yake akabana upanga wake wa kuchezea mchezo wa vitara kwenye jiliwa ili aurekebishe, akashangaa ubapa wake wa chuma unatetemeka wenyewe na hakuna aliyeugusa. Akaja kugundua feni mpya ya kutolea hewa ilikuwa inatoa mawimbi ya sauti ya chini mno, kama mitetemo 19 kwa sekunde, sikio halisikii ila mwili unahisi.

Mimi sikuambii stori yako iishie kwenye feni. Nachosema chukua zile alama ndogo. Mmea unaonyauka dirishani, kitu cha chuma kinachotetemeka peke yake mezani, kijivu kinachoonekana pembeni ya jicho tu. Hivyo vinatisha kuliko damu inayotiririka ukutani, na mtoto wa miaka 9 anaviamini kwa sababu anaweza kuviona kwenye akili yake.

Sasa twende kwa mzimu. Swali la kwanza na kwangu ndio swali kubwa kabisa, anataka nini? Mzimu anayetisha tu ili atishe anachosha haraka, akitokea mara ya tatu mtoto kashazoea. Stori moja ya zamani sana ya nyumba ya mizimu iko kwenye barua ya Mrumi mmoja, Pliny Mdogo, ina miaka kama 1900 na bado inafundisha. Anasimulia nyumba moja Athens ambayo kila usiku minyororo inalia na mzee mwenye ndevu anatokea, watu wakakimbia, nyumba ikabaki tupu na kodi ikashuka. Akaja mwanafalsafa anaitwa Athenodorus akaipanga. Usiku akakaa na taa yake anaandika, minyororo ikaanza kwa mbali, ikasogea, ikafika mlangoni, ikaingia chumbani. Mzimu akamwita kwa kidole. Athenodorus akamwonyesha kwa mkono asubiri kwanza, akaendelea kuandika! Mzimu akaja kuitikisa minyororo juu ya kichwa chake, ndio akachukua taa akamfuata, wakaenda taratibu hadi uani, mzimu akapotea. Akaweka majani pale kama alama, kesho yake wakachimba wakakuta mifupa imefungwa minyororo. Ikazikwa kwa heshima na nyumba ikatulia.

Angalia hiyo kitu ilivyojengwa. Sauti kabla ya sura. Mbali halafu karibu. Mzimu ana shida yake na shida ina dawa. Na mtu anayeshinda sio mwenye nguvu, ni yule aliyekubali kuchukua taa akafuata. Kwa stori ya watoto huo mfupa unautumia mpaka kesho, weka Rehema badala ya mwanafalsafa basi.

Ukishajua anataka nini mwandikie sheria zake. Anaweza kushika vitu au hawezi, anatoka chumba kipi hatoki kipi, anaonekana na nani. Msomaji mwambie moja au mbili tu, zilizobaki ni za kwako, lakini usizivunje, maana watoto wanakumbuka kupita maelezo, ukisema chapta ya pili kwamba mzimu havuki kizingiti cha jikoni halafu chapta ya tisa akawa jikoni bila sababu watakuuliza, na watakuwa na haki.

Kwenye kuandika kwenyewe tatizo kubwa naloliona ni watu kuieleza hofu badala ya kuitengeneza. Mfano huu hapa: "Rehema aliogopa sana kwa sababu chumba kilikuwa cha kutisha na giza lilikuwa totoro." Hapo msomaji kaambiwa tu, hajahisi lolote. Jaribu hivi: "Rehema alivua viatu akaviweka pembeni ya kitanda, vidole vinatazama ukuta, kama kila siku. Akazima taa. Asubuhi viatu vilikuwa palepale, ila vilikuwa vinatazama kitanda." Hakuna giza totoro, hakuna kutetemeka, kuna viatu. Usiku wa pili anavifungia kabatini. Asubuhi kabati limefungwa vilevile na viatu vyake viko ndani, lakini pembeni ya kitanda kuna viatu vingine, vidogo kuliko vyake, vina udongo mbichi kwenye soli.

Unaona hapo mambo mawili yamefanyika kwa pamoja, hofu imepanda na swali limezaliwa, nani huyu mdogo na huo udongo katoa wapi. Kila tukio lako la kutisha lifanye hizo kazi mbili. Likiwa linatisha tu bila kuongeza swali, lifute, hata kama unalipenda. Paka anayeruka ghafla kutoka dirishani unaruhusiwa mara moja kwenye stori nzima, mara ya pili ni kumdanganya mtoto.

Sentensi nazo zina mwendo wake. Wakati Rehema anatembea kwenye korido anapapasa ukuta anatafuta swichi andika sentensi ndefu, mwache msomaji atembee naye, kisha kitu kikitokea kata. Fupi. Mara moja. Na mzimu akionekana usimmwage wote, toa mkono, au pindo la nguo, au kioo kinachoonyesha chumba chenye watu wawili, mengine mtoto atamalizia mwenyewe na atakachotengeneza yeye kinamtosha yeye, hakitamzidi.

Umri usiupuuze. Wa miaka 6 mpaka 8 hofu iwe fupi, ifunguke na kufungwa ndani ya kurasa chache, mzimu anaweza kabisa kuwa rafiki au mwoga kuliko mtoto mwenyewe, na watu anaowategemea wasipotee. Kuanzia 9 hadi 12 unaweza kuiacha hofu ilale chapta mbili tatu, unaweza kugusa kifo, huzuni, siri ya familia, lakini usimuumize mzazi au mdogo wake halafu ukaacha hivyohivyo bila majibu. Mhusika muweke mkubwa kidogo kuliko msomaji, msomaji wa miaka 9 anapenda kumfuata mtu wa 11, huyo wa 7 anamwona mtoto.

Wazazi ndani ya stori wanasumbua kila mwandishi, maana wakiwepo na wakiamini, stori imeisha, wanahama kesho asubuhi. Simu isiyo na chaji na safari ya ghafla zimeshatumika mno. Bora zaidi wawepo na wampende mtoto wao lakini wasione anachokiona, baba anainama anaangalia pale pale penye viatu vidogo na anasema sakafu iko safi. Kwa mtoto hilo linauma kuliko mzimu, kuambiwa hakuna kitu wakati kipo. Ila usiwafanye wajinga, watoto wanapenda wazazi wao.

Na kuna kitu nakuomba kabisa. Usimfanye mtu halisi kuwa ndio kitisho. Bibi kizee anayeishi peke yake, mtu mwenye kovu usoni, mtu mwenye ulemavu, mgonjwa wa akili, hawa wapo mtaani na mtoto atakutana nao kesho, ukimjaza hofu juu yao umewadhulumu wote. Kama unataka bibi kwenye stori mpe ufunguo, awe ndiye anayejua nyumba ilijengwa lini na nani aliishi pale.

Mwisho wa stori atatue mtoto. Asije mjomba na tochi, asije mtaalamu. Rehema avae viatu vyake, avifuate vile vidogo hadi nje unapotoka ule udongo, na achimbe, au afungue, au aseme jina lililosahaulika, kutegemea mzimu wako anataka nini. Ile ya "kumbe alikuwa anaota" achana nayo, mtoto kakuamini stori nzima halafu unamwambia hakuna kilichotokea. Kama stori yako ni ya upelelezi na mzimu atakuja kuwa mtu na shuka, sawa, ila amua tangu mwanzo na uache alama ambazo mtoto makini angeziona. Baada ya kutatua mpe kurasa mbili za kupumua, asubuhi, sauti za nyumba zimerudi kuwa bomba na mbao. Kwa hawa wakubwa unaweza kuacha kitu kimoja bila jibu, kimoja tu.

Kabla hujampa mtu yeyote isome kwa sauti mwenyewe, utasikia pale ulimi unapojikwaa. Halafu msomee mtoto, mchana kwanza, na mwambie kabisa kwamba muda wowote akisema basi unaacha, na akisema uache kweli usimbembeleze. Usimuulize kama ameogopa, wengi watasema hapana. Simama kabla ya kufunua ukurasa umuulize anadhani nini kitatokea. Akikupa jibu lako lilelile umeonyesha mapema mno, rudi nyuma upunguze alama. Akisema hajui na anaangalia pembeni anachezea kitu, kachoka, mara nyingi shida iko kurasa kama mbili kabla ya hapo. Akija na jibu zuri kuliko la kwako, muombe ruhusa ulitumie.