Punje mia za maharage: namna ya kuwafikishia watu utafiti wa kupona kiwewe

Kwenye mkoba wangu wa kazi hakikosi kifuko cha maharage, punje mia moja kamili, nimezihesabu mwenyewe. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mwanza. Jumamosi nyingi nakaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, na akina mama wanaouza dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, nikiwaeleza yale ambayo utafiti umeyapata kuhusu watu waliopatwa na makubwa: ajali, kuzama, kubakwa, kufiwa ghafla. Naandika kwa ajili yako wewe mwenzangu, muuguzi, mnasihi, afisa ustawi wa jamii au mwalimu wa malezi, uliyehudhuria semina ukarudi na makabrasha mazito, na sasa hujui uanzie wapi kumweleza mtu ambaye dagaa wake wako juani na mvua inanukia.

Anza kwa kuwauliza wao hali hiyo wanaiitaje. Neno "kiwewe" hutumika sana kwenye semina zetu, lakini kwa wasikilizaji wangu wengi kiwewe ni ule mshtuko wa saa ileile, mtu anapopotewa na akili kwa hofu. Ukiwaambia kiwewe kinaweza kukaa na mtu miaka kumi, wanakutazama tu. Kwa hiyo nauliza: "Mtu aliyeponea chupuchupu kwenye ajali, baada ya miezi kadhaa mnamwonaje?" Hapo majibu hayakatiki. Ana mawazo. Anashtukashtuka. Usiku anaweweseka. Akisikia honi moyo unamwenda mbio. Hapiti tena njia ile. Amekuwa mkali kwa watoto. Atakuwepo pia wa kusema ana jini au amerogwa, na huyo simbishii wala simcheki, kwa sababu nikimvunjia heshima yake nimewapoteza na wenzake watano waliokuwa wanafikiri vivyo hivyo kimyakimya.

Majibu yao nayapanga mafungu matatu chini, kwa vijiti: tukio linalorudi lenyewe bila kuitwa, mtu kukwepa kila kinachomkumbusha, na mwili unaokesha kama mlinzi hata pasipo na mwizi. Kisha nawaambia dalili hizo hizo, kwa mafungu hayo hayo, ndizo tunazofundishwa vyuoni. Nimeona nyuso zinavyobadilika hapo. Watu wanagundua kwamba walikuwa wanajua. Na hapa Mwanza kuna jambo la kuongeza ambalo kila mwenyeji analielewa bila maelezo: meli ya MV Bukoba ilizama ziwani tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma. Tarehe kama hiyo inapokaribia, mwili wa aliyefiwa hukumbuka kabla kichwa hakijakumbuka. Usingizi unakatika, chakula hakipiti, na mwenyewe hajui kwa nini. Ukimweleza mtu hivyo tu, bila dawa wala kikao, unaweza kumwona anashusha pumzi.

Baada ya hapo ndipo maharage yanatoka, na fungu la kwanza liwe la matumaini. Namwaga punje mia. Hawa ni watu mia duniani. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kama 70 kati yao watakutana na tukio la kutisha katika maisha yao. Nazikusanya tena, namwaga upya: hawa sasa ni watu mia ambao tukio limewapata kweli. Watakaopata ule ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe ni kama 6. Waliobakwa na waliotoka vitani huwa wengi zaidi ya hapo, na hilo nalisema. Usiiruke hatua hii. Zamani nilikuwa naanza na dalili peke yake, watu wanarudi nyumbani wakimwona kila jirani mgonjwa. Waambie pia kwamba katika mwezi wa kwanza, kutolala, kulia na kushtuka ni mwili unaofanya kazi yake, na ugonjwa huu hautajwi kabla mwezi haujapita.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianze kazi hii.

Miaka yangu ya mwanzo kazini ilitokea ajali ya basi. Sisi wauguzi vijana tulikuwa tumefundishwa kwamba majeruhi wakikusanywa mapema, kila mmoja akasimulia mwanzo hadi mwisho alichoona na alichosikia, basi sumu inatoka na hawataumwa baadaye. Tukawakusanya siku ya tatu. Wengine bado walikuwa na bandeji. Tukawahimiza, mmoja baada ya mwingine, na aliyenyamaza tukambembeleza hadi akasema. Tulilia nao, tukaondoka tukiamini tumewatendea wema mkubwa. Hatukurudi.

Miaka ilipita ndipo nikasoma kilichokwisha kujulikana. Uingereza waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka mitatu. Wale walioanza na hofu kubwa wakafanyiwa kikao cha namna ile walibaki na dalili zao, na wenzao walioanza na hofu ileile bila kufanyiwa kikao walikuwa wamepata nafuu. Majaribio mengine ya kikao kimoja cha kusimulia, yalipokusanywa pamoja, hayakuonyesha kwamba kinazuia ugonjwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaandika waziwazi kwamba kikao hicho kisitumike, na kwamba dawa za kutuliza za jamii ya diazepam zisitolewe kwa mtu kwa sababu tu ya mshtuko wa mwezi wa kwanza. Kila ninaposoma mistari hiyo nawaona wale abiria. Bado inaniuma.

Hadithi hii ninawasimulia wasikilizaji wangu kila mara, na nakushauri utafute ya kwako. Inafanya mambo mawili. Kwanza wanajua kwamba utafiti una kazi halisi: unaweza kumwambia mtu mwenye nia njema kwamba nia yake inaumiza. Pili wanapata ruhusa ya kuacha. Maana misibani kwetu kuna watu wawili wanaopatikana daima, anayesema "lia, sema yote, usibaki nayo," na anayetafuta sindano ya usingizi kwa ajili ya mfiwa. Nawafundisha badala yake maneno matatu ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake ulitoka mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia yuko salama, ana maji, ana blanketi, ana mtu. Sikiliza akitaka kusema, na akitaka kunyamaza keti naye. Muunganishe na ndugu zake, na zahanati, na anayejua habari za watu wake. Akina mama wa dagaa hawahitaji semina kwa hili. Wanahitaji kuambiwa kwamba wanachokifanya tayari, cha kumpikia mfiwa uji na kumbebea mtoto, kina jina na kinasaidia.

Kuhusu utafiti wa kuwaeleza: chagua mmoja, na uwe wa karibu. Mimi natumia zaidi ule wa mashariki mwa Kongo uliochapishwa mwaka 2013, kwa sababu wafanyabiashara wa Kongo wanakuja Mwaloni kununua dagaa na wasikilizaji wangu wanawajua kwa sura. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, au walioushuhudia, wengi wao hawajui kusoma. Kura ikaamua vijiji gani wapate tiba ya vikundi na vipi wapate msaada wa mtu mmojammoja. Kwenye vikundi walijifunza kulichunguza lile wazo linalomla mtu ndani, "ni kosa langu, nimeshachafuka," na kwa kuwa hawakuandika, mazoezi waliyahifadhi kichwani. Miezi sita baada ya tiba wakapimwa. Hapo namwaga maharage: kati ya kila 100 waliopata msaada wa mtu mmojammoja, 42 walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi wa kiwango cha kuumwa. Kati ya 100 wa vikundi, 9. Pande zote mbili zilipata nafuu, usiache kulisema hilo, ila tazama tofauti ya mafungu.

Ile kura ieleze polepole. Watauliza, na wana haki, kwa nini wengine wanyimwe. Nawajibu kwa mfano wa mbolea: ukiiweka shamba zima na mvua ikawa nzuri, utajuaje kilichokuza mahindi?

Halafu waeleze na utafiti usiotaka kusema unachotaka wewe. Kuna mmoja uliofanyika Moshi na Bungoma kule Kenya, mjini na vijijini, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020: watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi wote, wakihudumiwa kwa vikundi na watu wa kawaida waliofunzwa. Mara tu baada ya vikao, katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti tiba ilionekana kushinda. Mwaka mmoja baadaye, Kenya, mjini na vijijini, watoto wa vikundi walikuwa bado mbele. Moshi, wale ambao hawakupata tiba hiyo walikuwa wamewafikia wenzao, wote wamepungukiwa na dalili. Nilipousoma mara ya kwanza nilijaribiwa kutaja Kenya peke yake. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu mwalimu mmoja aliposikia habari ya Moshi aliuliza swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa: "Sista, wale ambao hawakutibiwa walikuwa wanaishi na nani?" Tulizungumza saa nzima, juu ya bibi, juu ya ada, juu ya mwalimu anayejua kwamba mtoto fulani huwa hali mchana. Ukificha nusu ya matokeo, unawanyima watu mazungumzo ya namna hiyo.

Wa Nairobi, uliotoka mwaka 2017, nautaja kwa ufupi kwa wahudumu wa jamii ili wajue kazi yao ina uzito: wenzao walifunzwa kutoa vikao vitano kwa wanawake waliopitia ukatili, na mfadhaiko ulipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Lakini kueleza tiba si kuitoa. Uganda, kambini Nakivale, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wakimbizi wenzao kwa kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Katika tiba hiyo hulazwa kamba chini, maua kwa mema, mawe kwa mabaya. Ni picha nzuri mno na kila mtu anataka kuijaribu jioni ileile. Wakataze. Wale walifunzwa wiki kadhaa na walikuwa na wa kuwasimamia.

Kabla hujafungua kikao, panga utafanya nini mtu akianza kusimulia yaliyompata mbele ya wote. Litatokea. Mimi nasogea karibu, nashusha sauti: "Mama, hilo ni zito na ni lako. Hapa tuko wengi. Nikimaliza nakusubiri pale kwenye mti." Kisha nasubiri kweli. Uwe na pa kumpeleka: mimi namjua kwa jina muuguzi wa zamu kwenye zahanati ya jirani, najua siku za kliniki ya afya ya akili hospitali ya Bugando, na kwa habari ya mtoto, namba 116 haina malipo. Na visa vya wagonjwa wako viache kazini. Niliwahi kutoa mfano bila jina wala mtaa, nikiamini nimeuficha, na kabla sijamaliza sentensi wanawake wawili wakatazamana. Walimjua. Tangu siku hiyo mifano yangu yote inatoka kwenye tafiti.

Mwishoni wape kitu cha mwili. Tunapumua pamoja, pumzi ya tumbo, kutoa polepole kuliko kuvuta, dakika tatu. Asiyependa kufumba macho asifumbe, kwani kwa baadhi ya watu giza ndilo lenyewe.

Halafu usiulize "mmeelewa?" Watasema ndiyo, kwa adabu. Mpe mmoja kifuko cha maharage amfundishe mwenzake nawe ukiwa umekaa kimya. Hatua hii niliipuuza muda mrefu, hadi nilipopita Mwaloni wiki mbili baada ya kikao kimoja nikamkuta dada mmoja kati ya wasikilizaji wangu akimweleza mteja wake habari ya Kongo. Alikumbuka kura, alikumbuka wazo la "ni kosa langu." Punje akazipanga kwa dagaa, kavukavu, juu ya gunia. Ila tisa akazifanya waliopona. Mteja akatikisa kichwa akasema, "Basi haina faida, dada, tisa tu?"

Nikachuchumaa pale, tukahesabu upya watatu. Siku hizi, kabla sijamwachia mtu kifuko, naziweka punje tisa kiganjani mwake na kumuuliza: hawa ni akina nani, bado wanaumwa au wamepona? Na wale 91 wako wapi?